Droni Yenye Ethi ya Pikipiki

Jumamosi asubuhi, Picha ya Ndege hapa Kibaha, benchi letu la pembeni ya barabara limeshajaa na kahawa ndo kwanza inamiminwa. Simu kaishika Hekari. Jina lake halisi Dulla, dalali wa viwanja. Hata ukimsalimia anakujibu huku anaangalia kama umesimama ndani ya mipaka.

"Oya, taarifa hiyo!" akasema. "Leo jioni Kisarawe kuna mashindano ya droni za mbio. Sharti, uwe umeiunda mwenyewe."

"Kisarawe ipi?" akadakia Rama, fundi umeme wa pikipiki, sisi tunamwita Plagi. "Kisarawe hii hii ya mihogo?"

Bi Hamisa akalitua birika kwa kishindo. Yeye ndiye mwenye kahawa na vitumbua, na kwao ni huko huko.

"Hiyo hiyo ya mihogo. Watoto wa kwetu wanarusha. Nyie huku mna nini? Mna picha ya ndege tu, ndege yenyewe hamjawahi kuigusa."

Benchi zima likaguna kama limedungwa sindano.

"Tunaye Rubani!" Hekari akajitutumua. "Jina lake limo humu. 'Mwakilishi wa Kibaha, Evodius.' Mwakilishi, mjue!"

"Rubani?" Plagi akacheka mpaka kahawa ikamtokea puani. "Si ndo yule droni yake iliingia kwenye sufuria ya ubwabwa wa harusi?"

"Wa msiba," nikamrekebisha.

"Msibani! Watu wanalia, mara wanaona wali unapaa kwenda mbinguni kabla ya marehemu."

Tukiwa bado tunajifuta machozi, Rubani mwenyewe huyo, boksi la viatu kwapani, macho mekundu ya mtu aliyelala na nyaya.

"Shikamoo Bi Hamisa."

"Marahaba mwanangu. Unaenda kwetu kufungwa?"

Akasogeza vitumbua, akafungua boksi, akaitoa. Kitu chenyewe kidogo kama sahani ya chai. Mota nne pembeni, fremu nyeusi ya kaboni, juu yake bodi ya umeme, na nyaya kama tambi zilizokosa nazi.

"Nataka niijaribu hapa mara moja, niondoke," akasema. "Na mnisikilize. Mwaka mzima mmenicheka. Leo nikimaliza hata raundi moja, sitaki kumsikia mtu kwenye hili benchi akitamka neno ubwabwa. Bodi ninayo hii moja tu. Ikifa hii, nimekwisha, mtanicheka mpaka nizeeke."

"Hatukucheki, kaka, hii ni droni yetu sote," Hekari akasema, na papo hapo akawasha kamera ya simu. "Tupo mubashara! Kisarawe, Kibaha, kundi zima la mashindano mnatuona? Hii hapa!"

Akainyanyua droni juu kama kuku wa mnada. Tukasikia tki.

"Umekata waya!" Rubani akapiga kelele.

"Sijakata. Ulikuwa umejichokea wenyewe."

"Waya mweusi wa kamera, we Hekari! Bila kamera sioni njia, nitarusha kama kipofu. Bi Hamisa, naomba soketi, nauchomea sasa hivi."

"Soketi ipo, mwanangu, ile pale. Umeme ndo haupo. Wameukata tangu alfajiri."

Rubani akakaa chini. Hapo ndipo Plagi alipojifuta mikono kwenye suruali, taratibu, kama daktari anayeingia chumba cha upasuaji.

"Nipisheni. Waya mweusi si ndo ethi?"

"Ndo hasi, ndiyo."

"Haya. Pikipiki yangu ile pale. Taa, honi, indiketa, ethi zake zote zinaenda wapi? Kwenye bodi, chuma chenyewe cha pikipiki! Unabana na skrubu, unaondoka zako. Nani alikwambia ethi inachomewa?"

"Kaka, hii siyo pikipiki. Hii fremu ni kaboni."

"Kaboni haipitishi umeme?"

"Inapitisha!"

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Tatizo ndo hilo, inapitisha!"

Plagi akatugeukia sisi, mikono kiunoni. "Mnamsikia huyu? Umeme unapita, analalamika kwamba unapita!"

Tukaangua kicheko. Rubani akawa anajaribu kueleza kwamba kwenye droni fremu haitakiwi kuguswa na waya wowote, si mwekundu si mweusi, lakini nani anasikiliza mtu anayeongea peke yake? Hekari akaanza kusoma wanachoandika watazamaji.

"Mmoja wa Kisarawe anauliza, 'Kibaha mnafunga droni au redio ya babu?' Mwingine anasema tukishindwa tuwaombe mbegu za mihogo. Rubani, watu wanatutazama! Usitutie aibu!"

"Mwishehe wa kwetu, mshindani wako, saa hizi anapasha mota tu," Bi Hamisa akachochea, huku anageuza vitumbua.

Rubani akaitazama simu, akatutazama sisi. Akamsukumia Plagi bisibisi.

Plagi hakuchelewa. Waya wa kamera akaubana na skrubu ya fremu. Akachukua kipande kingine cha waya, kutoka kwenye hasi ya bodi mpaka kwenye skrubu ile ile. Akapuliza, akagonga mara mbili kwa mpini.

"Imeisha hiyo. Fremu nzima sasa ni ethi. Hata ukining'iniza friji inawaka."

"Sawa," Rubani akasema. "Ila kabla ya betri naanza na hii." Akatoa mfukoni kitaa cha indiketa ya pikipiki, kimefungwa nyaya mbili. "Umeme unapita kwenye taa kwanza, ndo uingie kwenye droni. Taa ikimetameta ikazima, kuko salama. Ikiwaka kali ikabaki hivyo, kuna shoti, natoa betri, hakijaungua kitu."

Hekari akaziba kamera kwa kiganja. "Toa hiyo takataka! Unataka Kisarawe waone droni ya Kibaha ina indiketa?"

"Ya kukatia kona," Plagi akasema.

"Weka na honi kabisa," mimi nikatupia. "Na kofia mbili, ya rubani na ya abiria."

"Halafu ina maana kazi yangu huiamini?" Plagi akavimba. "Mimi nafunga pikipiki za wanaume wenzako zinakwenda Magindu kwenye mashimo zinarudi, we unaniletea kitaa cha kunipima?"

"Muacheni mtoto wa watu afanye anavyojua," Bi Hamisa akasema.

"Jasusi huyo!" Hekari akamnyooshea kidole. "Wa Kisarawe! Anataka tuchelewe!"

Rubani alikishika kile kitaa kwa muda. Simu ilikuwa inamulika usoni kwake. Kisha akakirudisha mfukoni, akachukua betri, akaichomeka moja kwa moja.

Paa!

Cheche ikaruka mpaka kwenye sinia la vitumbua. Moshi mweupe ukapanda na harufu ya plastiki na kitu kingine kichungu. Rubani akaing'oa betri kwa vidole, akaitupa kwenye mchanga, akabaki anajipuliza. Na hapo hapo, jamani, umeme ukarudi. Mtaa mzima ukalipuka, "Woyooo!" Watoto wakaruka, redio zikafunguka. Ungedhani wanaushangilia ule moshi.

Rubani akaigeuza droni. Waya mwekundu wa betri unapita kwenye tundu la fremu, na ukingo wa kaboni ulikuwa umeukwangua ganda.

"Ulikuwa hivi siku zote," akasema polepole. "Haukuwa na madhara, maana fremu haikuwa imeungwa na kitu. Leo mmeifanya fremu nzima kuwa hasi. Nyekundu imekutana na nyeusi. Bodi imekufa."

"Kwa utaalamu wangu," Plagi akakohoa, "hiyo bodi ilikuwa feki."

"Watazamaji wanauliza kama ni ya kupulizia mbu," Hekari akaripoti. "Nimewaambia droni ni yake binafsi, sisi tulikuwa tunapita."

Simu ya Rubani ikaita. Akaiweka sauti ya juu, kwa unyonge tu. Ni Mwishehe, wa Kisarawe.

"Pole kaka, nimekuona mubashara. Usijisikie vibaya, yangu imekufa jana. Hapa kijiweni kwetu kuna fundi friji alinishauri nigeuze plagi ya betri."

"Fundi friji!" Plagi akastaajabu. "Fundi friji anajua nini kuhusu droni?"

"Na wengine je?" Rubani akauliza.

"Wote hivyo hivyo, kila mtu na washauri wake. Imepona moja tu, ya dada mmoja anaitwa Tatu."

"Yeye kafanyaje?"

"Anajifungia ndani na kitaa chake. Kijiwe hana. Sasa mbio za mtu mmoja haziendi, tumesogeza mpaka kesho. Tatu ana bodi ya akiba, anasema atakuazima, uje uifunge kwake leo leo. Ila katoa sharti moja. Uje peke yako."

Uso wa Rubani ukarudiwa na damu. Akafunga boksi la viatu, akalibana kwapani.

"Umesikia?" Plagi akasema, ameshasimama. "Peke yako. Maana yake wewe na fundi wako."

"Na msemaji wako," Hekari akasema, anachaji simu kwa haraka.

"Na mwenyeji wa kuwaonyesha njia," Bi Hamisa akasema, anafunika vitumbua. "Mtapotea nyie."

Mimi nilikuwa nimeshachagua pa kukaa safarini.

Rubani alitutazama mmoja mmoja, akageuka, akaanza kukimbia kuelekea stendi. Bahati nzuri Plagi ana pikipiki.