Ombi la Kumnyima Bambo Zenengeya Cheti cha Uongozi

Usharika wa Chimphepo,
Dedza.
Julai, wiki ya baridi kali.

Kwa Mchungaji Kapalamula,
Msimamizi wa Mafunzo ya Wanaoongoza Watu wa Kujitolea,
Ofisi Kuu ya Kanisa, Lilongwe.

Mchungaji wetu mpendwa,

YAH: BAMBO ZENENGEYA ASIFUNDISHWE

Amani iwe kwako, kwa jamaa yako, na kwa wote wanaokunywa chai katika ofisi yako. Sisi huku tu wazima, isipokuwa viganja, ambavyo vimepasuka kwa baridi.

Mwezi wa Machi ulikuja na ubao wako ukatufundisha jinsi ya kuongoza watu wanaofanya kazi bila malipo. Ulisema mtu asiyelipwa haamrishwi, huombwa. Na akishamaliza hushukuriwa mbele za wenzake. Niliyaandika yote, na mengine nimeyaweka moyoni, maana mimi ni mtu wa kukaa na jambo. Mafunzo yalikuwa mazuri. Shida ni kwamba yaliwaingia wote. Watu wetu wa kujitolea walikuwa kumi na wanane, na kumi na saba tulihudhuria. Aliyebaki, mzee wetu Bambo Zenengeya, alikuwa amevuka mpaka kwenda Msumbiji kumzika shemeji yake. Aliporudi alitukuta sisi sote ni viongozi, na yeye ndiye watu.

Naomba uyapokee malalamiko yafuatayo kwa uvumilivu.

1. Ndoo. Unajua desturi yetu: kiongozi haachwi na mzigo kichwani wakati aliye mbele yake ana mikono mitupu. Zamani mama yetu Mayi Namalomba alichota maji kisimani na maji yakafika jikoni. Siku hizi akitoka kisimani hukutana na Mayi Mbewe, ambaye hupiga magoti kidogo na kumpokea. Mayi Mbewe naye hupokewa na Mayi Kachale. Lakini sasa Mayi Namalomba ana mikono mitupu, naye amefundwa, hawezi kumtazama kiongozi mwenzake akiteseka. Jumapili iliyopita ndoo iliuzunguka msonobari wa kanisa, kichwa hadi kichwa, mpaka ikafika jikoni na maji ya kunawa mtu mmoja.

2. Viti. Ulisema kiongozi aketi panapoonekana. Tumeketi. Meza ya mbele ilipojaa tuliweka nyingine mbele yake, na wale wa kwanza wakanung'unika kwamba wamefanywa wa nyuma. Kwenye mabenchi ya watu huketi Bambo Zenengeya peke yake. Hukaa mwisho kabisa wa benchi, kana kwamba wenzake wako njiani.

3. Shukrani. Juzi Bambo Zenengeya alifagia nusu ya kanisa. Tulimshukuru mmoja baada ya mwingine, kila mtu kwa hotuba yake na andiko lake. Giza likaingia, nusu ya pili haijafagiwa mpaka leo.

4. Bambo mwenyewe, ambaye si malaika. Mayi Mbewe akimwomba kuni, yeye ameshaombwa maji na Mayi Kachale. Mayi Kachale akiulizia maji, yeye yuko kwenye kuni za Mayi Mbewe. Tulimkuta stoo, amelala juu ya magunia ya viazi, kofia usoni. Nilimwamsha kwa upole, kama ulivyofundisha. Akasema bila kuondoa kofia, "Mwanangu, kubalianeni kwanza ninyi kumi na saba. Mkishakubaliana, niamsheni." Tumeunda kamati ya kukubaliana. Bado haijakubaliana nani awe mwenyekiti.

5. Hili ndilo linaloninyima raha. Mwisho wa Agosti ni Meza ya Bwana, na watu wa makanisa yote madogo watashuka milimani kwa miguu. Wazee huanza safari Ijumaa. Kila mwaka hufika na njaa, wakakuta nsima, ugali wetu wa huku, na maharage ya moto. Mwaka huu ninawaona wameketi kwenye nyasi, miguu imejaa vumbi, mbele yao wamepangwa viongozi kumi na saba wanaowakaribisha vizuri sana, na nyuma yetu sufuria baridi.

6. Na sasa nasikia utafundisha tena Salima, ziwani, na kwamba Bambo Zenengeya ameomba nafasi. Akienda, atarudi kiongozi. Hapo Chimphepo itakuwa na uongozi kamili na haitakuwa na mtu.

Kwa hiyo naomba kwa heshima jina lake likatwe. Akifika hata hivyo, aketishwe mahali ambapo ubao hauonekani. Akielewa hata hivyo, aambiwe hajaelewa. Na kama dhamiri yako inakataa haya yote, basi tuletee kutoka Lilongwe watu kumi wenye afya ambao hawajawahi kufundishwa jambo lolote. Tutawatunza. Hatutawafundisha kitu.

Nisalimie mama mchungaji, watoto, dereva wako mwenye subira, na yule aliyekuwa akikufutia ubao.

Wako katika utumishi,

Tiyamike Likongwe,
Katibu wa Viongozi.

N.B. Nilipofunga bahasha nilitafuta mtu wa kuileta. Viongozi wote walikuwa tayari kuisimamia safari, ila si kusafiri. Kwa hiyo aliyesimama mbele yako sasa ni Bambo Zenengeya mwenyewe, amekuja na lori la viazi. Aliniuliza ndani mna nini, nami sijui kusema uongo nikitazamwa, nikaifungua nikamsomea. Pale kwenye "ndiye watu" alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Cheti nikifanyie nini, mwanangu? Nilisikia tu kwamba huko Salima mtu huketi, akaletewa chakula kwenye sahani. Mimi hapa miaka yote nakula ukoko, nimesimama."

Mchungaji, mwandikishe. Mpe kiti, na samaki mzima, asigawane na mtu.

Ndoo yake nimeichukua mimi. Leo asubuhi Mayi Mbewe alikuja kunipokea, akapiga magoti kama kawaida. Nilimwomba, kwa adabu yote, aende akachote yake. Alibaki pale chini kidogo akinitazama. Kisha akaenda.

Bahasha nimeifungua tena niongeze haya, na mikono ilikuwa haijakauka. Niwie radhi kwa wino uliotapakaa hapo juu, kwenye cheo changu.