Dedan na Mtihani wa Siri

Jumanne, tarehe 9 Januari 1979. Asubuhi hiyo mbingu haikuwa na wingu hata moja juu ya Shauri Moyo, na upepo mkavu ulikuwa ukipeperusha vumbi la Gikomba hadi ndani ya chai za watu. Dedan alikuwa amesimama kwenye kibanda cha maandazi, suti yake ya kijivu imepigwa pasi mpaka inang'aa magotini, akisoma karatasi iliyofungiwa maandazi yake. Dedan alisoma kila kitu. Mungu alikuwa amempa akili ya kutosha kuongoza benki, naye akaitumia kuwauzia watu viwanja vilivyokuwa katikati ya mto Mathare.

Karatasi ile ilikuwa imeng'olewa kwenye kitabu cha uchumi, nayo ilikuwa na maswali saba. La kwanza lilisema: "Eleza tofauti kati ya gharama za kudumu na gharama zinazobadilika." Mafuta ya andazi yalikuwa yameshakula la nane.

Hapo ndipo alipomsikia Makokha akizungumza na mama wa maandazi. Makokha alikuwa injinia wa boila katika kiwanda cha sabuni kule Industrial Area. Mtaani alijulikana kwa mambo mawili: wokovu wake, na pikipiki yake nyekundu.

"Nimejaza fomu ya chuo cha biashara, mama," alikuwa akisema. "Watu mia nne, viti thelathini. Mtihani ni mwezi wa tano. Mimi nimesoma mashine tu, uchumi siujui hata salamu yake. Na masomo ya jioni siwezi, zamu yangu inaanza saa tisa."

Dedan aliikunja karatasi polepole, kama shemasi anavyokunja kitambaa cha meza ya Bwana.

Baada ya siku tatu alibisha hodi nyumbani kwa Makokha.

"Injinia, shemeji yangu yuko pale chuoni, ofisi ya mitihani. Mimi si mtu wa kupenda dhambi."

"Naona," alisema Makokha.

"Lakini nikiona mtu wa Mungu anataka kupitwa na watoto wa wakubwa, roho inaniuma." Akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na maswali saba yaliyopigwa taipu, na juu yake mhuri wa zambarau: SIRI.

Makokha aliipeleka karatasi dirishani, akautazama mhuri kama anavyotafuta ufa kwenye bomba. Akautazama sana.

"Unataka nini kwa hii?"

"Pikipiki tu, beshte yangu."

"Sawa. Lakini kule kwetu kiwandani fundi wa nje akileta pampu halipwi siku hiyo. Pampu inafungwa, inazungushwa, ikifanya ile kazi aliyosema itafanya, ndipo analipwa. Maswali haya yakitoka kwenye mtihani, pikipiki ni yako pamoja na kitabu chake cha usajili."

"Yatatoka," alisema Dedan, akakohoa.

"Haya. Maswali umeleta. Majibu yako wapi?"

Katika miaka kumi na miwili ya kazi yake, Dedan hakuwahi kuulizwa swali kama hilo. Wateja wake wengine wote walinyakua karatasi na kukimbia.

"Majibu... nitaleta."

"Usilete tu, ndugu. Unieleweshe. Asubuhi zote niko hapa."

Dedan alikubali, kwa sababu alikuwa na hesabu yake. Mtu anayekufundisha kila asubuhi utamnyima vipi pikipiki akiomba kuiazima hadi mjini? Na pikipiki iliyoazimwa inaweza kufika Nakuru na kupakwa rangi ya buluu kabla ya chakula cha mchana.

Alipoondoka, Selpher, mke wa Makokha, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba Nekesa! Wewe mtu wa ushirika wa waliookoka, umeingia kwenye wizi wa mitihani?"

"Mtihani gani? Mhuri huu umechongwa kwa soli ya patipati, Mama Nekesa. Hata mistari ya soli inaonekana."

"Basi si umwambie?"

"Aliyeokoka hasemi uongo. Lakini sijaulizwa."

Basi Dedan, mtu ambaye hajawahi kununua penseli, akajiandikisha masomo ya jioni katika ukumbi wa halmashauri. Aliketi kwenye kiti cha watoto, magoti yake yamegusa kidevu, kati ya makarani na washonaji waliokuja na njaa zao na Biblia zao. Mwalimu Saad, mzee mpole mwenye kofia iliyofumwa, alifundisha uchumi kwa chaki fupi kuliko kucha.

Asubuhi Dedan alimpelekea Makokha alichookota.

"Watu wakikitaka kitu kwa wingi na kitu ni kidogo, bei inapanda."

"Kama mvuke kwenye boila," alisema Makokha. "Na valvu ya usalama iko wapi?"

"Valvu gani?"

"Bei ikipanda tu bila kikomo, kitu kitapasuka. Inateremshwa na nini?"

Dedan aliliandika swali kiganjani. Jioni akamwuliza Mwalimu Saad, akarudi na jibu, na Makokha akalipokea kwa maswali matatu mapya. Alikuwa mtu wa namna hiyo: hawezi kukubali kitu mpaka akifungue skrubu zote.

"Leo niazime pikipiki, Injinia, nikanunue daftari," Dedan alisema mwezi wa pili.

"Ole wangu! Leo nimetoa kabureta."

Wiki iliyofuata plagi ilikuwa imelowekwa kwenye petroli. Baada ya hapo mnyororo ulikuwa ukining'inia kwenye kamba ya nguo, kati ya soksi za watoto. Kamwe hakukuonekana mashine iliyotunzwa kwa upendo kama ile.

Kufikia mwezi wa nne Dedan alikuwa wa kwanza darasani. Mwalimu Saad alimshangaa.

"Mwanangu, umejifunza wapi kukisia bei ambayo mnunuzi yuko tayari kulipa?"

"Kwa neema tu, Mwalimu."

Asubuhi moja walifanya mazoezi ya usaili, ambao chuo hufanya pamoja na mtihani. Dedan aliketi juu ya debe la maji, akajifanya profesa. "Bwana Makokha, injinia anatafuta nini kwenye biashara? Zulia la ofisi?"

Makokha aliweka kalamu chini. "Mara tatu nimeandika kwamba boila inahitaji valvu mpya. Mara tatu amekataa meneja mmoja asiyejua kutofautisha valvu na kizibo cha soda. Mwezi wa nane mwaka jana mvuke ulimchoma kibarua kutoka Mukuru, mkono wote. Nataka kuketi kwenye kile kiti chake."

Dedan alishuka kwenye debe. "Sema hivyohivyo," akasema. "Usiongeze chochote." Ulikuwa ushauri wake wa kwanza wa kweli, na ulimkera siku nzima.

Mwezi wa tano Makokha alifanya mtihani na usaili. Katika yale maswali saba halikutoka hata moja. Lakini injinia aliyefungua uchumi skrubu kwa skrubu hakuhitaji yatoke, na mwezi wa sita barua ikafika: amekubaliwa, nambari kumi na tisa kati ya thelathini.

Dedan alifika siku hiyohiyo. Alijiambia kwamba mtu mwenye furaha hahesabu maswali.

"Pikipiki yangu, Injinia."

"Njoo Jumapili mchana kwenye ushirika. Jambo hili nitalimaliza mbele ya ndugu."

Dedan alikwenda na kofia ya pikipiki kwapani. Kanisa lilikuwa limejaa. Wakati wa ushuhuda Makokha alisimama.

"Bwana asifiwe!"

"Asifiwe!"

"Mimi Makokha nimeingia chuo. Aliyenifundisha ni huyu Ndugu Dedan. Siku mia moja alisoma jioni, akanifundisha asubuhi." Vigelegele vikapigwa. "Lakini ndugu zangu, tutembee katika nuru. Kulikuwa na karatasi fulani aliyoniletea mwezi wa kwanza, na niliahidi pikipiki kama maswali yake yatatoka. Karatasi ninayo. Nimekuja pia na mtihani wenyewe. Namwomba Ndugu Matheka, kwa kuwa ni inspekta wa polisi na amezoea nyaraka, azisome zote mbili kwa sauti. Zikilingana, ufunguo huu hapa."

Inspekta Matheka, mwimba besi, aliinuka akavaa miwani. Dedan alitazama mlango. Mlangoni walikuwa wamesimama wazee wawili wa kanisa, wanene, wakitabasamu kwa upendo wa Kristo.

"Hakuna haja!" Dedan alisema, akiwa amekwisha kusimama. "Mambo ya kidunia hayo! Mimi nilifundisha kwa... kwa upendo."

"Haleluya!" kanisa likanguruma.

"Bure?" aliuliza Teresiah, mwuza mboga, kutoka benchi la nyuma. "Basi na mume wangu fundi wa reli? Naye anakitaka hichohicho chuo!"

"Na mimi fundi umeme!" alipaza mwingine.

"Na sisi wawili wa karakana ya magari!"

Makokha alirudisha ufunguo mfukoni, akaketi. Inspekta Matheka hakuketi. Bado alikuwa amenyoosha mkono, akingoja karatasi.

"Ndugu Dedan atuambie mwenyewe," alisema kwa ile besi yake, "au nisome?"

Dedan aliweka kofia ya pikipiki chini. Akainua mkono wa kuume, na mbele ya watu mia mbili na kumi, mchungaji akiwa amefumba macho kwa furaha, akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani: "Naahidi mbele za Mungu, na mbele ya Inspekta Matheka, kwamba kuanzia kesho saa moja asubuhi nitafundisha hapa hapa kanisani, kila siku, bila kutoza hata senti, mpaka injinia wa mwisho miongoni mwenu aingie chuo!"