Mfumo Wangu wa Kuzikana

Jumatatu, 4 Agosti

Mfumo umekamilika! Mimi, Wilfred, fundi wa tovuti wa Gongo la Mboto, nimemaliza kitu ambacho chama chetu cha kuzikana, sisi watu wa Masasi, kimekiota miaka nenda rudi. Mwanachama akifariki, katibu anafungua tovuti, anabonyeza mara moja, meseji inawafikia wote. Hakuna tena kupigiana simu na kusahauliana. Majina yote yamo kwenye kanzidata. Namba moja ni Mwenyekiti, Mzee Adelard.

Jumapili mkutano mkuu unapiga kura. Wakiupitisha, natangazwa Mkurugenzi wa TEHAMA wa chama. Cheo hicho hakimo kwenye katiba. Nimekibuni mwenyewe na kinanikaa vizuri.

Jumanne, 5 Agosti

Noela amekuja kutazama. Tulisoma naye chuo. Yeye ameajiriwa mjini, mimi nimejiajiri, kwa hiyo nimemzidi. Akasema mfumo hauendi kwa watu bila majaribio. Nikamwambia nimeshaujaribu kwa macho. Akasema hapana, yanatakiwa majaribio yanayojiendesha yenyewe: kompyuta inajifanya katibu, inamtangaza marehemu wa uongo, kisha inakagua kama meseji imetoka. Halafu akarudia, taratibu, kama anaongea na mtoto, kwamba majaribio yawe na kanzidata yake pembeni, yenye watu wa kubuni, yasiguse kabisa ile ya wanachama halisi.

Nimemshukuru kwa upole wa mtu mkubwa. Sista ana roho nzuri, tatizo anapenda kufundisha.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeandika majaribio, na ni bora kuliko ya Noela, ambayo sijawahi kuyaona. Mwanachama namba moja anafariki ghafla, tangazo linatoka, kompyuta inaweka alama ya kijani. Safi! Kuanzia keshokutwa yatajiendesha kila alfajiri, hata nikiwa nimelala.

Kanzidata ya pembeni nimeitengeneza. Namba moja wa humo ni Bwana Jaribio Majaribio. Lile faili la mipangilio, linaloielekeza kompyuta iende kwenye kanzidata ipi, nimelinakili kama lilivyo kutoka lile la kweli. Kuandika upya ni kazi ya wanafunzi. Ila nimelitofautisha. Juu kabisa nimeweka kwa herufi kubwa: HII NI YA MAJARIBIO TU. Asiyeweza kusoma hapo, shauri yake.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepita kwa Mzee Adelard kumpa shikamoo na kumpigia kampeni kidogo. Alikuwa anafunga mizigo kwenda shambani kwake Kimbiji, kurudi kesho. Akauliza kama mashine itajua kweli nani amekufa na nani mzima. Nikamhakikishia haikosei. Akasema kura yake hatoi mpaka aone mfumo umezika mtu mmoja. Na chama kizima hupiga kura kule anakotazama yeye. Mzee mgumu!

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Huzuni kubwa. Na fahari kubwa. Nimeamshwa na meseji ya mfumo wangu mwenyewe: TANZIA. Mwanachama mwenzetu, Mzee Adelard, amefariki ghafla. Fika nyumbani kwake.

Nimelia, kweli nimelia. Kisha nikaisoma tena. Jina limekaa vizuri. Koma mahali pake. Katibu amejua kubonyeza hata kabla sijamfundisha! Na majaribio yangu ya alfajiri, yote kijani. Mzee alitaka mfumo uzike mtu kwanza. Amejitolea mwenyewe.

Sikukuu, watu wote wako majumbani. Nafika, turubai limeshafungwa, viti vimejaa, kina mama wako kwenye masufuria. Mama Jovina, mke wa marehemu, kalazwa ndani kwenye godoro. Simu ya mumewe haikupatikana tangu jana, kwa hiyo naye akaamini. Watu wakasema hawajaona msiba uliojaa mapema namna hii. Nikaomba kipaza sauti, nikaeleza kwa ufupi jinsi meseji inavyosafiri. Baadhi walilia zaidi.

Mchana bodaboda ikasimama. Akashuka Mzee Adelard na kiroba cha mihogo.

Aliona turubai, akavua kofia, akavaa sura ya uenyekiti. Akaanza kazi palepale. Akaagiza viti vya wazee visogezwe kivulini. Akataka jiko lihamishwe, moshi usiingie kwa wafiwa. Ndipo akauliza ni nani ametutoka. Watu wameganda na vijiko mikononi. Nikaona ni adabu nijibu mimi. Nikamwamkia shikamoo, kisha nikamjulisha kwamba ni yeye.

Mama Jovina alitoka ndani mbio, akamkumbatia, akamlilia kifuani. Halafu akamwachia na kutaka kujua simu ilizimwa kwa ajili ya nani.

Jumamosi, 9 Agosti

Mzee Adelard amefariki tena alfajiri. Waliokwenda ni wawili, na mmoja alifuata sufuria lake.

Noela amefungua faili langu, akashika kichwa. Anadai ule mstari wa herufi kubwa ni maelezo ya binadamu tu, kompyuta inauruka. Anwani iliyo chini yake bado ni ya kanzidata ya kweli. Akataka airekebishe hapohapo, mstari mmoja. Nimekataa. Humwachi mtu aguse kazi yako siku moja kabla ya kura. Nimerekebisha mwenyewe. Sasa ni mistari mitatu ya herufi kubwa, yenye alama za mshangao.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeshinda!

Alfajiri Mzee alifariki mara ya tatu, akaja mkutanoni amenuna. Nikajua nimekwisha. Akasimama. Akasema ya Ijumaa yalimtoa machozi, hakujua kama anapendwa kiasi kile, na mfumo uliokusanya watu vile ni wa kubaki. Ila kufa kila siku kumemchosha. Tena jana watu hawakuja, na hilo limemuuma kuliko yote. Kwa maoni yake ubaya uko kwenye ile namba. Hivyo anaomba aondolewe namba moja, akae hapo aliyetengeneza mfumo. Mikono yote ikapanda juu!

Ukurugenzi haukutajwa, nami sikuuliza. Wa nini tena? Mwanachama Namba Moja, kwa umri wangu huu! Wazee waliokianzisha chama wako nyuma yangu. Noela alinivuta shati hadi nje, akanibembeleza nibadilishe ile anwani kabla hakujapambazuka. Wivu haujifichi.

Jina langu nimeliingiza kwenye kanzidata kwa mikono yangu. Faili la majaribio sikuligusa, ndilo limenifikisha hapa. Kisha nikamwongeza mama, kule Masasi, kwenye orodha ya wanaopokea meseji. Kuanzia kesho alfajiri naye awe anapata habari za mwanawe.