Kura Moja ya Menza wa Kahonzi

Sogeeni, waungwana! Mwenye kikohozi na akohoe sasa, mwenye mtoto mlizi na amnyonyeshe, kwani nasimulia vita vya wadi ya Mkunguni, nyuma ya Barani, mjini Malindi, na habari za Menza wa Kahonzi, simba wa spoki, sultani wa viraka, fundi wa baiskeli aliyeutamani udiwani kama nzi atamanivyo tui. Humjui? Basi kaa kitako ujulishwe.

Alijitosa vitani kwanza mwaka wa themanini na tatu. Masanduku yakafunguliwa, majemadari wakahesabu, Menza akapata kura moja. Miaka miwili baadaye diwani aliyemshinda akahamia Kikambala kupika hotelini, uchaguzi mdogo ukaitishwa, Menza akajifunga kibwebwe upya: kura moja tena!

Wadi ikacheka mpaka ikashika mbavu. "Kajipigia mwenyewe!" Lo, hawakumjua! Menza, mwana wa adabu, hakupata kujipigia. "Mtu hajipakulii nyama kwenye sinia la watu," alinena, na mara zote mbili alimpigia mpinzani wake.

Basi kura ile ilikuwa ya nani? Swali hilo lilimkondesha kuliko udiwani wenyewe. Si ya mkewe Kadzo, aliyetangaza kisimani kwamba mumewe akiwa diwani, baiskeli za watu ataziziba nani? Wala haikuwa, Mungu apishe mbali, ya mamamkwe wake Nyevu, aliyehamia kwao kutoka Adu, ambaye kila asubuhi, nyuma ya pazia, alimwita kupe.

Ukaja mwaka wa themanini na nane, mwaka wa mlolongo. Siri ikafutwa: kila mtu asimame nyuma ya mgombea wake, jua likimwona. Wengine waliogopa. Menza aliruka kwa furaha, akagonga kichwa kwenye boriti.

"Leo nitamjua!" akanguruma. "Duniani kuna mmoja anionaye mtu, na leo nitamwona uso!"

Jeshi likakusanyika uwanjani. Mpinzani wake, Abdulhalim mwenye lori, aliinua picha kubwa kama mlango. Menza aliinua ile ya kitambulisho, ambayo hata mbuzi angelazimika kusogea ndipo aione. Kisha akahutubia:

"Enyi wana wa Mkunguni! Simwombi mtu kiti. Namwomba yule mmoja ajitokeze, nimpe mkono, basi!"

Mlolongo wa Abdulhalim ulizunguka uwanja ukafika chooni, na Kadzo alikuwa humo, akijipepea kwa kanga. Nyuma ya Menza palikuwa na vumbi.

"Nikipuliza filimbi, hakuna kuhama!" akaonya msimamizi.

Shujaa akajiuliza moyoni. Itakuwaje mtu wake akiona haya kujitokeza, naye abaki asimjue mpaka kaburini? Ndipo akasikia kandambili zikikokotwa nyuma yake, na uwanja mzima ukaguna. Akaanza kugeuka.

"Usigeuke!"

Ilikuwa sauti ya nyuma ya pazia. Menza akaganda, shingo upande, kwani kwa desturi yao mkwe hamkabili mamamkwe uso kwa uso, sembuse kumpa mkono.

"Mayo, mama yangu," akanong'ona, "ni wewe?"

"Ulidhani nani, kupe wewe?"

"Na kura ya themanini na tatu?"

"Yangu."

"Na ile ya uchaguzi mdogo?"

"Yangu pia. Simama wima, watu wanatutazama."

"Lakini kila siku wanitukana, Mayo!"

"Nakutukana nyumbani kwetu. Huku nje wewe ni mkwe wangu, na mkwe wa Nyevu hasimami peke yake."

Filimbi ikalia. Msimamizi akaja, akatazama, akatafuta wengine kwa heshima tu, kisha akatangaza: "Mmoja!" Menza akainua picha yake juu kabisa, akilia waziwazi kama mtoto, na kamasi hakufuta.

Ijulikane basi kwa vizazi vya Mkunguni kwamba siku ile Abdulhalim alichukua kiti, akakipeleka alikokipeleka. Nani akumbukaye? Lakini Menza wa Kahonzi alirudi nyumbani akikokota baiskeli yake, mamamkwe akimfuata kwa mbali kama desturi itakavyo, naye bila kugeuka hata mara moja alipiga kengele njia nzima:

"Pisheni! Pisheni, jamani! Wapiga kura wangu wanapita!"