Bingwa na Kiatu cha Matundu Matatu

Hivi wewe, na akili zako timamu, unaweza kununua kiatu kisichokubali kutembea?

Karani wa masjala alinunua! Jina la "Bingwa" alijipa mwenyewe, maana angengoja kupewa na watu angezeeka bila jina. Idara yao ilikuwa inatafuta nahodha wa timu ya baiskeli, mchujo ni Alhamisi, naye alishaitangazia ofisi nzima kwamba unahodha ni wake. Akanunua viatu vya mbio, vyekundu kama pilipili, duka moja. Pedali za kunasa kiatu, duka lingine. Kuuliza? Kuuliza ni kwa washamba!

Jumatano akavipeleka kwa fundi baiskeli. Fundi akapindua kiatu, akapindua pedali, akaguna.

"Kaka, soli hii ina matundu matatu. Chuma cha kunasia kilichokuja na pedali hizi, kile cha kufungwa chini ya soli, kinataka mawili. Hawa hawaoani."

"Kwani wewe umesomea wapi?"

"Nimesoma hapa hapa, chini ya soli. Rudisha kiatu au rudisha pedali, chagua."

"Nirudishe viatu vilivyolingana rangi na baiskeli yangu? Ndiyo maana wewe ni fundi na mimi ni Bingwa!"

Wako wengi wa namna hii, jamani. Ukweli ukija umevaa ovaroli yenye grisi, wanaufungia mlango. Upumbavu ukija ndani ya boksi linalong'aa, wanauvutia kiti.

Nyumbani akaazima drili kwa jirani, akatoboa soli, akakaza kila kiatu kwenye pedali yake moja kwa moja, kwa bolti na nati. Kikakaa imara kama jino la mamba! Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba watoto, kupanda nimeelewa. Kushuka je?"

"Bingwa hashuki! Anashushwa na mashabiki, tena mabegani!"

Alhamisi akaegemea nguzo ya geti la ofisi, akatumbukiza miguu, akafunga kamba mafundo matatu. Filimbi! Loo, tusimnyime haki yake, alitimka. Mizunguko mitano ya uwanja, akamaliza wa kwanza. Nyuma yake kidogo tu alikuja mama wa chai wa idara, kandambili miguuni, kwenye baiskeli ya kapu.

"Nahodha mtarajiwa, hebu njoo!" akaita mkuu wa idara.

Bingwa akampita kama hamjui. Nguzo ya geti ilikuwa imezingirwa na watazamaji, pa kuegemea hakuna. Akazunguka tena.

"Mbona hasimami huyu?"

"Natuliza mapigo ya moyo, mkuu!"

Mzunguko wa tisa, miguu ikagoma. Baiskeli ikayumba, ikaingia kwenye bustani ya mkuu, na Bingwa akalala ubavu juu ya waridi, miguu ingali kwenye pedali kama mbuzi aliyefungwa kamba! Wahasibu wawili wakamvuta kwapani. Mtu akatoka, viatu vikabaki, na kidole gumba kikachungulia kwenye soksi iliyotoboka, kuwasalimu wakubwa.

"Nilitaka mtu wa kuongoza wenzake," mkuu akasema, akiokota ua lililovunjika. "Huyu hata pedali zinamwongoza!"

Kesho yake asubuhi, kutoka dirisha la masjala, Bingwa alimwona mama wa chai akikabidhiwa fulana ya nahodha. Mama akaivaa juu ya aproni, akapanda baiskeli yake, akazunguka uwanja mara moja. Alipofika mbele ya mkuu akafunga breki, akashuka.

Ofisi nzima ikalipuka kwa makofi.