Aina ya Kumi na Mbili

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimechoka, na wiki yenyewe bado changa.

Asubuhi Mama Mkurugenzi alituita ofisini, mimi wa chumba cha mijusi na shemeji wa chumba cha nyoka. Akasema paa linavuja, mitambo ya joto imezeeka, jumba hili la wanyama haliwezi tena kupasha moto vyumba viwili vya watambaao. Kimoja kitafungwa. Kitakachobaki ni kile chenye aina nyingi zaidi. Kuhesabu ni Jumamosi, mbele ya wageni wa bodi. Wanyama wa chumba kitakachofungwa watapelekwa mji mwingine, na mtunzaji wake atahamia getini kukata tiketi na Mzee wa Getini.

Mzee wa Getini! Mtu anayeanza kusimulia habari za tumbo lake asubuhi, na mpaka jioni bado hajafika kwenye utumbo mwembamba.

Hesabu ya leo: nyoka aina kumi na moja, mijusi aina kumi na moja. Shemeji akatabasamu. Ni kaka wa mke wangu, ndiye aliyeniombea kazi hii, na hatujawahi kula meza moja asinikumbushe. Nikampa mkono, nikamwambia ashinde aliye bora. Uongo mtupu. Nataka nishinde mimi.

Jioni nilikaa kidogo na Bibi, iguana wetu mzee. Hali jani mkononi mwa mtu yeyote ila mimi. Wengine anawapiga kwa mkia. Nikimfikiria ndani ya sanduku, barabarani, na dereva asiyemjua, namwongezea jani jingine.

Duniani kuna aina zaidi ya elfu saba za mijusi. Yupo anayekimbia juu ya maji. Yupo anayerusha damu kutoka machoni mwake akitishwa. Yupo wa jangwani anayekunywa kwa ngozi, na wa visiwani anayezamia baharini kula mwani, kisha akapiga chafya ya chumvi. Elfu saba! Nami nahitaji mmoja tu.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mpango wa kwanza. Nina vinyonga wawili, dada kwa dada, wa kijani kibichi. Kwa nini wahesabiwe aina moja?

Wageni hudhani kinyonga huiga rangi ya chochote anachokalia. Miaka yote nawaeleza kwamba ni joto na hasira zake, si pazia lako. Sasa elimu hiyo ikanifaa. Nilimhamishia mmoja kwenye kizimba cha kioo cha pembeni, nikamzimia taa. Baridi ikamwingia, akawa mweusi kama chungu. Nikabandika kibao: Kinyonga Mweusi wa Milimani. Nikajipongeza.

Tatizo ni roho yangu. Kila nikipita aliniangalia kwa jicho moja, lile jingine likitazama taa iliyozimwa. Nilijikaza mpaka saa nne, nikashindwa. Nikamwashia, dakika chache tu apate nguvu.

Ndipo Mama Mkurugenzi akaingia. Akasoma kibao. Akamtazama Kinyonga Mweusi wa Milimani, ambaye wakati huo alikuwa anaelekea kuwa kijani kuanzia kichwani. Tukasimama wote wawili, tukimwangalia akimaliza mkia. Mama akaniuliza kama ninalala vizuri siku hizi. Nikasema wastani.

Kibao nimekibandua. Huruma itaniua.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimepata! Mjusi kafiri, yule wa ukutani. Hatuna hata mmoja kwenye vioo, maana nani atoke nyumbani kwake aje kutazama kitu kilichoko jikoni kwake? Lakini aina ni aina.

Jana jioni nilipanda meza ya jikoni na kopo la maziwa. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea na haelekei kuondoka, aliuliza mkwewe anafanya nini juu ya meza. Mke wangu akamjibu kwamba anafanya kazi. Mama mkwe akasema mwanawe wa kiume hufanya kazi akiwa amesimama chini.

Nilimkamata! Leo nikamweka kwenye kioo kilichokuwa wazi, nikampa na kijiti chake. Nilipogeuka tu, kwisha habari. Kioo kile kilijengwa kwa ajili ya kenge. Matundu yake ya hewa yanapitisha kidole gumba, na mjusi kafiri ukuta wa kioo kwake ni barabara ya lami.

Alionekana mchana, kwenye dari ya ofisi ya Mama Mkurugenzi, akila mbu. Shemeji ndiye aliyeitwa kumtoa. Akamtoa kwa ufagio, akamtupa bustanini, akanipa pole mbele za watu. Ile pole yake inauma kuliko tusi.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Leo siwezi kuandika vizuri kwa furaha.

Asubuhi lilifika sanduku kutoka jumba la wanyama lililovunjwa huko mbali. Zawadi, mnyama mmoja, karatasi yake imelowa haisomeki. Shemeji akafungua. Mrefu, wa rangi ya shaba, hana miguu. Akapiga kelele hadi bustanini wakasikia: nyoka wa kumi na mbili! Akambeba kifua mbele, akanipita mlangoni kama bwana harusi.

Nikajikokota nyuma yao kwa uungwana. Nikainama kwenye kioo. Mnyama akanitazama.

Akapepesa macho.

Nyoka hapepesi macho! Hana kope za kupepesa! Nikaangalia vizuri, nikaona na tundu la sikio, nalo nyoka hana. Huyu ni mjusi. Wapo mijusi wasio na miguu, pande nyingi za dunia, na wengi hupigwa fimbo kwa kosa la kufanana na jirani. Wa kumi na mbili ni wangu mimi!

Mdomo ulishafunguka nikaufunga. Nikimwambia leo, shemeji atasema ahsante, yataisha hapohapo mlangoni, hakuna atakayejua. Lakini Jumamosi, mbele ya bodi, baada ya yeye kujigamba... Nikajitia hamnazo. Nikamsifia nyoka wake. Akanipiga bega.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Siku ndefu. Shemeji alikuja chumbani kwangu, jambo ambalo halifanyi, akasema mgeni wake hali. Amempa panya, amemgeuzia mgongo. Amempa panya mdogo zaidi, hivyohivyo. Akaniuliza ningefanyaje.

Bila shaka hali! Huyo anataka konokono na mende, na kioo kisicho moto hivyo. Ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikasema labda ni uchovu wa safari.

Alishukuru. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekosa usingizi. Nikajisikia vibaya kidogo, halafu nikamkumbuka Bibi, nikajisikia vizuri tena. Mnyama huyo anaweza kukaa na njaa siku mbili. Mimi nimekaa na shemeji miaka tisa.

Nyumbani mke wangu aliuliza mbona nachekacheka peke yangu. Nikamweleza kuhusu aina fulani ya mijusi ambao wote ni majike, hawana dume hata mmoja, na wanazaana vizuri tu. Akaweka mwiko chini. Akauliza wanaishi wapi.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Nitaandika haraka nimalize.

Bodi walikuja wakiwa wamevaa viatu vya kung'aa. Chumba changu: kumi na moja. Chumba cha shemeji: akahesabu kwa sauti, akafika kwa yule wa shaba, akatamka kumi na mbili. Makofi. Nikakohoa. Nikainua kidole. Nikatangaza kwamba yule ni mjusi, na kwamba akipepesa macho wataamini wenyewe.

Wakasogea. Tukamtazama, akatutazama. Mwenyekiti wa bodi akapepesa. Mama Mkurugenzi akapepesa. Shemeji machozi yakamtoka, akapepesa. Mimi nilipepesa kama taa mbovu. Mnyama, wapi! Alikodoa macho kama amelipwa na upande ule.

Mwenyekiti akatazama saa. Nikaona nazama. Nikafungua kioo, nikamshika niwaonyeshe tundu la sikio. Alijipinda, nikambana, kukasikika kitu kama kijiti kinavunjika. Mkononi nimebaki na mnyama mfupi. Sakafuni mkia unacheza peke yake, karibu na kiatu cha Mwenyekiti, naye akapanda juu ya kiti.

Mijusi wengi huacha mkia wakikamatwa. Nyoka kamwe. Mama Mkurugenzi aliusubiri mkia utulie, akasema basi, imethibitika, ni mjusi. Kumi na mbili kwa kumi na moja. Chumba cha mijusi kimebaki!

Nilishinda! Nilikuwa nimeshinda! Ningefumba mdomo hapo ningelala leo kama mfalme. Mama akauliza, kwa upole tu, nilijua lini. Na mimi, kwa furaha, kifua mbele, nikajibu:

"Tangu Alhamisi, Mama! Nilimwona mara moja!"

Shemeji alinigeukia. Ni Mama aliyesema, taratibu, kwamba kumbe nilimjua, nikamwacha siku mbili kwenye joto lisilo lake, na njaa, huku mwenzangu akihangaika kuuliza. Akasema mijusi watabaki. Atakayewatunza ni yule aliyekosa usingizi.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Siku ya pili getini. Mzee wa Getini amefika kwenye kongosho.

Nyoka waliondoka jana. Shemeji aliwapungia mkono hadi lori likapotea, nami nilimwonea huruma kweli. Saa ya mapumziko nilikata tiketi yangu mwenyewe, nikaingia kama mgeni. Yule mfupi wa shaba anakula konokono. Bibi alikuwa anakula jani mkononi mwa shemeji, macho ameyafumba kwa raha. Hakumpiga na mkia. Nilisimama nyuma ya watoto wa shule nikatamani kulia, nikatoka.

Mke wangu anasema ningesema tu ukweli ile Alhamisi, leo ningekuwa na chumba, Bibi na shemeji. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa. Nikawaambia nimeelewa, nimekuwa mtu mpya.

Mchana, nyuma ya kibanda cha tiketi, kwenye ufa wa ukuta, nimeona mjusi mdogo mwenye mistari ya buluu. Sijawahi kumwona kwenye kioo chochote. Shemeji hana habari. Sitamwambia mtu. Bodi wanarudi mwezi ujao, na mimi naweza kusubiri.