Anwani Inayosomeka na Kila Mtu

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimeng'ara! Kwenye kikao cha ushirika wetu wa wakamuaji alizeti, hapa Kizota, nimeeleza kwamba tovuti yetu inatutia aibu. Kila ukurasa una anwani ya alama ya kuuliza, herufi p na namba, kama 47. Nani atatafuta namba 47? Mteja anaandika mafuta ya alizeti Dodoma. Basi anwani iseme hivyo hivyo! Mwenyekiti, Mzee Zaidi, akasema mimi, Mudrick, nina akili. Mzee huyo ndiye aliyenitoa Kondoa na kuniombea kazi hii. Muda wangu wa majaribio kazini unaisha wiki hii, na barua ya ajira ya kudumu iko mezani kwake, inasubiri saini.

Halafu, mbele ya wajumbe wote, akanituma nikapange viti. Mimi! Mtaalamu wa mtandao! Nimevipanga vyote arobaini, uso nimeuinamisha.

Jumanne, 5 Agosti

Kazi yenyewe rahisi. Unaingia kwenye mipangilio, unachagua anwani ifuate kichwa cha ukurasa, unahifadhi. Dakika moja. Nimewaambia ni siku tatu.

Nikaanza na ukurasa wa Mwenyekiti. Hasira ya viti ilikuwa bado kooni. Kwa kujifurahisha tu nikaandika kichwa: Mzee King'ang'anizi Hataki Kuachia Kiti. Nikacheka peke yangu, nikahifadhi rasimu, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikafuta, nikaandika Salamu za Mwenyekiti. Safi.

Ritha wa masjala akachungulia. Akasema niangalie na ule mstari wa anwani chini ya kichwa, maana ukishahifadhi haubadiliki wenyewe. Nikamwambia kila mtu ashike lake. Yeye mafaili, mimi mtandao.

Jumatano, 6 Agosti

Wazo! Bango letu la maonyesho ya wakulima ya Nane Nane libebe anwani ya ukurasa wa Mzee, kwa herufi kubwa. Atafurahi, atasaini. Nikainakili, nikaibandika kwenye ujumbe, nikamtumia mchapaji wa mabango bila kuisoma. Akapiga simu kuuliza kama nina uhakika. Nikamjibu kwa ukali kwamba achape alichopewa.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijui niandikeje.

Uwanjani Nzuguni watu walijaa mbele ya banda letu, wanapiga picha bango. Mita tatu zile! Nikajipongeza. Kisha Mama Swaumu wa Bahi, mteja wetu wa siku nyingi, akamwamkia Mzee na kumuuliza kwa upole ni nani aliyemkosea kiasi hiki.

Mzee akatoa miwani. Akasoma polepole, vistari na vyote: mzee-kinganganizi-hataki-kuachia-kiti. Anwani inasomeka, hilo siwezi kukana.

Heri angenitukana. Aliniuliza tu kama kweli watu wanamwona hivyo. Nikasema ni kompyuta. Ritha akatazama chini, na mimi nikaona aibu juu ya aibu, kwa sababu hata yeye aliona haya kwa ajili yangu. Mzee alikuwa amevaa kanzu mpya na koti kwa ajili ya siku hii. Tulilishusha bango pamoja, yeye upande mmoja, mimi mwingine. Masikio yaliniwaka. Nikakiri yote, machozi yananilenga.

Akasema yameisha. Barua atasaini Jumatatu. Ila ana ombi moja tu: jambo hili lisitajwe tena popote, wajukuu zake wasije wakalisikia.

Jumapili, 10 Agosti

Mtu mwema vile! Samahani ya mdomo haimtoshi.

Leo nimemtengenezea ukurasa mzima wa kumwomba radhi. Nimeeleza yote tangu viti, na picha ya bango nimeiweka, asije mtu akapotosha habari. Safari hii mstari wa anwani nimeukagua mara tatu: samahani-mzee-zaidi-wewe-si-kinganganizi. Nimeutuma kwenye kundi la WhatsApp la wanachama, wote mia mbili na kumi na wawili, nikawaomba wausambaze. Ritha amenipigia mara nne. Sijapokea, wivu ule naujua.

Jioni hii nimeandika jina la Mzee kwenye Google. Tumetokea wa kwanza! Kesho nitamwonyesha kabla hajashika kalamu.